Umri wa Majivu: Kutoka Mto wa Mbu hadi Olduvai

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro hukutana na ndizi kabla ya kukutana na mlima. Pale Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mikungu hupangwa kando ya lami: ndizi za kupika, za kuiva, na zile nene nyekundu ambazo wageni huzinunua kwa rangi na wenyeji huzila kwa utamu. Ndizi moja ina karibu nusu gramu ya potasiamu, na potasiamu yoyote, iwe ndani ya ndizi, ndani ya mwamba au ndani ya msuli wa mtu, ina atomi chache zisizotulia. Katika kila atomi 10,000, moja na kidogo ni potasiamu-40, ambayo kiini chake hugeuka chenyewe bila kuchochewa na chochote. Katika ndizi hiyo moja atomi 14 au 15 hugeuka kila sekunde. Katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70 hugeuka zaidi ya 4,000 kila sekunde, awe macho au amelala. Karibu tisa katika kila kumi huwa kalsiamu. Ile ya kumi huwa agoni, gesi isiyoungana na kitu. Hoja niliyorudi nayo kutoka safari hii imesimama juu ya tukio hilo dogo. Mamilioni ya miaka yanayotajwa Olduvai yanastahili kuaminiwa kwa sababu kwa zaidi ya miaka 60 yamejaribiwa kwa njia ambazo zingeweza kuyaangusha, na pale yalipoyumba, sababu ya kuyumba ilitafutwa ikapatikana. Mwanafunzi anayepewa tarakimu bila kusimuliwa mapambano hayo hana tofauti na mtu aliyesikia uvumi.

Ukishapanda ukuta wa Bonde, ardhi ya Karatu inakuonyesha majivu yakiwa chakula. Udongo mwekundu unaobeba mahindi, maharage na ngano ya Wairaqw, pamoja na mashamba ya kahawa yanayopakana na msitu, ni zao la volkeno zilizochakaa kwa mvua za muda mrefu. Sahani ya makande na mboga inayoliwa Karatu imetoka humo. Kwetu pwani chini ya miguu mna matumbawe na mchanga, nasi huhesabu yaliyopita kwa vigae, kwa misikiti iliyobomoka na kwa sarafu. Zile za Kilwa zina majina ya masultani lakini hazina mwaka, kwa hiyo mtafiti hulazimika kuutafuta kwa njia nyingine. Nyanda hizi za juu zimebahatika. Ukifika ukingo wa Ngorongoro, kwenye ukungu na baridi, unatazama shimo lenye upana wa kilomita kama 20 na kina cha mita kama 600, mabaki ya mlima uliojibomokea zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kuzunguka hapo wamesimama ndugu zake: Olmoti, Lemagrut, Sadiman. Kaskazini-mashariki yuko Ol Doinyo Lengai, ambaye bado hajanyamaza. Alilipuka mwaka 1966, na tena 2007 hadi 2008, akayatandaza majivu juu ya malisho. Kila mlipuko wa namna hiyo hutandika shuka juu ya nchi nzima kwa wakati mmoja, na shuka hilo, likifunikwa na jingine, huwa ukurasa. Upande wa magharibi, unaposhuka kutoka kwenye ubaridi kuelekea nyanda kavu za Serengeti, kurasa hizo zimekatwa wima na mto wa msimu. Hilo ndilo korongo la Olduvai.

Kwenye mteremko huo wanaishi Wamaasai na mifugo yao, na namna yao ya kuhesabu wakati inasaidia kuelewa tatizo ambalo wanajiolojia walikuwa nalo. Wamaasai huupanga wakati kwa marika. Mzee anajua rika lipi lilitangulia lipi, ukame upi uliangukia vijana wa rika gani, na sotoka iliyoteketeza ng'ombe miaka ya 1890 ilimkuta nani akiwa morani. Huo ni ujuzi wa mfuatano, na ni ujuzi thabiti. Jamii isiyoandika inaweza kuutunza kwa vizazi kadhaa bila kuupotosha. Lakini mfuatano peke yake hauna urefu. Ukijua kwamba A alimtangulia B naye B akamtangulia C, bado hujui kama kati yao ilipita miaka 15 au 1,500. Marika yana urefu unaokadirika kwa sababu binadamu hukua kwa kasi inayojulikana. Tabaka za udongo hazina kasi kama hiyo. Mjerumani Hans Reck, aliyefika Olduvai mwaka 1913, alizipa tabaka hizo namba kuanzia chini kwenda juu, na kwa karibu nusu karne iliyofuata elimu ya korongo lile ilikuwa elimu ya marika: hili la kwanza, hili la pili, hili la tatu, kila moja likiwa na wanyama wake na zana zake za mawe. Urefu ulikisiwa tu.

Makisio hayo yalikuwa dhaifu kiasi gani, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana korongoni tarehe 17 Julai 1959 linaonyesha. Mary Leakey aliliona likichomoza katika tabaka la kwanza, la chini kabisa. Mumewe Louis alilipa jina la Zinjanthropus, na akakisia kwamba lilikuwa na miaka kama 600,000. Wakati ule makisio hayo yalionekana ya ujasiri. Miaka miwili baadaye Louis Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha umri wa tabaka lile kwa kupima majivu yake: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makisio. Ujasiri wa Leakey ulikuwa woga ukilinganishwa na mwamba wenyewe. Kwa mwanafunzi, hapa ndipo mahali pa kusimama na kuuliza: walipima nini hasa?

Walipima agoni iliyonaswa ndani ya fuwele. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka ndani ya volkeno, agoni hutoka kama mvuke unavyotoka kwenye chungu, kwa kuwa gesi hiyo haishikamani na kitu. Fuwele ya felspa inapoganda, potasiamu hubaki ndani kwa sababu ni sehemu ya mwili wake, na agoni inakuwa sifuri au karibu na sifuri. Kuanzia hapo kila potasiamu-40 inayogeuka kuwa agoni hufungiwa humo humo. Hakuna anayeweza kusema atomi ipi itageuka leo na ipi itakaa miaka bilioni. Zikiwa nyingi, hata hivyo, mwenendo wao haubadiliki: katika muda fulani nusu yake hugeuka, katika muda kama huo tena nusu ya zilizobaki, na kuendelea. Muda huo huitwa nusumaisha. Wanafunzi wengi hudhani kwamba nusumaisha mbili humaliza atomi zote; sivyo, hubaki robo, kisha thumni, kisha moja ya kumi na sita. Nusumaisha ya potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Kwa miaka milioni 1.84, ambao ndio umri unaokubalika sasa wa mahali pa Zinjanthropus, ni kama atomi moja tu katika kila 1,000 ndiyo imegeuka, na kwa kuwa moja katika kumi ndiyo huwa agoni, agoni yenyewe ni kama atomi moja kwa kila potasiamu-40 10,000. Sehemu hiyo ni ndogo, lakini hesabu yake si ndogo: gramu moja ya potasiamu katika mwamba wa umri huo huwa imezalisha atomi za agoni kama trilioni 200. Chombo kinachotenganisha atomi kwa uzito wake kinaweza kuzihesabu bila shida.

Hapa lazima niondoe kosa ambalo husikika hata kwa watu waliosoma. Si kweli kwamba Olduvai ya kale ilipimwa kwa kaboni. Kaboni-14 ina nusumaisha ya miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 inayobaki ni kidogo mno kupimika. Miaka milioni 1.84 ni nusumaisha zaidi ya 320 za kaboni hiyo. Hata kama Dunia yote ingekuwa kaboni-14 tupu siku Zinjanthropus alipokufa, isingebaki atomi hata moja leo. Kaboni ina kazi yake mahali pengine kwenye njia hii hii. Ukiacha barabara kuu Mto wa Mbu na kufuata mguu wa ukuta kuelekea kaskazini, unafika Engaruka, ambako wakulima walijenga mifereji ya mawe na matuta ya umwagiliaji na kuishi kati ya karne ya 15 na ya 18. Umri wao umepatikana kwa mkaa wa meko yao. Mbele zaidi, Engare Sero karibu na Ziwa Natron, nyayo zaidi ya 400 za watu zimehifadhika katika majivu yaliyogeuka mwamba, nazo zimewekwa kati ya miaka 19,000 na 5,760 iliyopita. Anayechagua saa isiyolingana na muda anaoupima atapata jibu la upuuzi, na lawama haitakuwa ya saa.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu makini hulitoa ni hili: mmejuaje kwamba agoni ilianzia sifuri? Ni swali zuri, na jibu lake si kuapa. Jibu ni kupima miamba ambayo siku ya kuzaliwa kwake inajulikana kwa maandishi. Mwaka 79 volkeno ya Vesuvius ilizika miji ya Italia, na Pliny Mdogo aliyeshuhudia akaandika habari zake. Mwaka 1997 Paul Renne na wenzake walichapisha kipimo cha fuwele za mlipuko ule kwa njia ya agoni: miaka 1,925, kukosea kwake kukiwa 94 kwenda juu au chini. Miaka iliyokuwa imepita kwa kweli ni 1,918. Hapo saa iliyotengenezwa kwa mabilioni ya miaka ilisoma karne 19 ikakosea kwa miaka saba. Ni kweli pia kwamba kuna miamba inayodanganya. Lava iliyomwagika Hualalai, Hawaii, mwaka 1801 ilibeba vipande vya mwamba wa zamani kutoka kilindini, na vipande hivyo vilitoa umri wa mamilioni mengi ya miaka. Wanaopinga njia hii huutaja mfano huo mara kwa mara, na wana haki ya kuutaja. Wanachoacha kusema ni kwamba mfano huo ulichapishwa na wapimaji wenyewe, na kwamba mwaka 1969 Brent Dalrymple alipopima lava 26 za nyakati zinazojulikana, nyingi hazikuwa na agoni ya ziada. Hatari ipo, ina sababu, na inagundulika. Siku hizi fuwele hupashwa moto kidogo kidogo kwa leza na gesi yake kupimwa kwa hatua. Fuwele iliyovuja au iliyobeba agoni ya kigeni hutoa majibu yanayogombana hatua kwa hatua, nayo hutupwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kasi inayopimwa maabara leo huenda haikuwa hivyo zamani. Karibu na korongo kuna kitu kinacholifanya pingamizi hili lionekane la haki kabisa, nacho ni lile rundo la majivu meusi lenye umbo la mwezi mwandamo linalotembea juu ya uwanda likisukumwa na upepo. Vigingi vilivyosimikwa vinaonyesha lilipokuwa miaka iliyopita. Kwa wastani husogea mita kama 17 kwa mwaka. Mtu akitaka kujua lilikuwa wapi miaka 10,000 iliyopita kwa kuzidisha mita 17, atakosea, maana upepo wa mwaka mmoja si wa mwaka mwingine, na rundo halikuwa na ukubwa ule ule. Kwa nini basi tuiamini potasiamu tusiliamini rundo? Kwa sababu rundo linategemea upepo, na kiini cha atomi kimejifungia mbali na karibu kila kitu kilicho nje yake. Joto, kubanwa, kemikali, vyote vimejaribiwa. Zipo atomi chache ambazo hali ya elektroni zake huigusa kasi. Beriliamu-7, kwa mfano, hubadilika kwa kiasi kama sehemu moja ya mia ikiwekwa katika mazingira tofauti ya kikemikali. Kwa miamba ya Olduvai athari kama hiyo haitoshi kusogeza chochote cha maana.

Na kuhusu zamani, tuna mashahidi. Tarehe 23 Februari 1987 wanaastronomia waliona nyota ikilipuka katika wingu la nyota lililo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulichukua miaka kama 168,000 kufika hapa. Mwanga huo ulififia miezi iliyofuata kwa kasi ile ile ya kobalti-56, yenye nusumaisha ya siku 77, kama ipimwavyo maabara. Kwa hiyo kobalti ya miaka 168,000 iliyopita, katika pembe nyingine ya anga, ilifuata sheria hii hii. Barani kwetu, Oklo nchini Gabon, mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani ya mgodi ule ilikuwa na upungufu mdogo wa urani-235: sehemu 0.717 kwa mia badala ya 0.720. Upungufu huo uliwafikisha kwenye mabaki ya tanuri la nyuklia la asili lililowaka lenyewe ardhini karibu miaka bilioni mbili iliyopita, na masalia yake yanaonyesha kwamba nguvu zinazoshika viini vya atomi hazikutofautiana na za leo kwa kiasi kinachoonekana. Anayetaka kudai kwamba kasi ilibadilika Olduvai atalazimika kueleza kwa nini haikubadilika Oklo wala angani.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni ule wa makosa. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa milioni 1.75, watafiti wengine, G. H. R. von Koenigswald na wenzake, walipima basalti iliyo chini ya tabaka la kwanza wakapata miaka milioni 1.3. Haiwezekani: sakafu haiwezi kuwa changa kuliko nyumba. Mmoja wao alikosea, na kwa muda fulani hapakuwa na njia ya kumjua kwa kutazama tarakimu peke yake. Watu wa Berkeley walijibu kwamba basalti iliyopimwa ilikuwa imechakaa kikemikali, na mwamba uliochakaa huachia agoni yake ukaonekana mchanga. Jibu hilo lingeweza kuwa kisingizio. Kilichofanya lisiwe kisingizio ni kwamba saa nyingine, zisizotumia potasiamu, ziliitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1965 Robert Fleischer na wenzake, Leakey akiwemo, walihesabu makovu ambayo viini vya urani huyaacha ndani ya kioo cha volkeno vinapopasuka. Walipata karibu miaka milioni 2, kukosea kwake kukiwa robo milioni na zaidi kidogo. Makovu hayo hayajui habari za agoni, wala hayavuji kama gesi.

Halafu ikaja sumaku. Lava inapoganda hurekodi upande ambao kaskazini ya sumaku ya Dunia ilikuwapo, na mara nyingi huko nyuma upande huo umepinduka. Sherman Grommé na Richard Hay waliripoti mwaka 1963 kwamba basalti ya Olduvai ilirekodi sumaku iliyoelekea kama ya leo, katikati ya kipindi ambacho ilipaswa kuwa imepinduka. Ilikuwa ajabu. Baadaye kipindi kifupi kile kile kilionekana kwenye matope ya sakafu za bahari na kwenye miamba ya nchi nyingine, na wanajiolojia dunia nzima wakakipa jina la Olduvai. Leo huwekwa kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita. Miaka ya 1990 na 1991 Nicholas Shackleton, na kisha Frits Hilgen, walizilinganisha tabaka za chini ya bahari na mizunguko ya Dunia, kuinama kwake na kuyumba kwake, ambayo wanaastronomia huihesabu bila kugusa atomi hata moja. Walisema kwamba tarehe za potasiamu zilizozoeleka za kupinduka kwa sumaku zilikuwa changa kwa asilimia kadhaa. Kupinduka kwa mwisho, kulikokuwa kumewekwa miaka 730,000, walikuweka 780,000. Vipimo vipya vya agoni vilipofanywa kwa uangalifu zaidi viliwaunga mkono wanaastronomia. Saa ya atomi ilisahihishwa na saa ya sayari kwa asilimia kama saba. Mtu akitaka kuona udhaifu hapo, na auone. Mimi naona jambo lingine. Kama njia hizi zingekuwa za kubuni, zisingekuwa na sababu ya kukaribiana hivyo, na watu wa agoni wasingekubali kusahihishwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba wanasayansi hubadilisha tarakimu kila mara, kutoka 600,000 hadi milioni 1.75 hadi 1.84, ameweka makisio na vipimo katika kapu moja. Ile 600,000 ilikuwa kisio. Tangu kipimo cha kwanza, umri umesogea kwa asilimia kama tano, na kila kusogea kuna maelezo. Mwaka 1991 Robert Walter, Paul Manega, Richard Hay na wenzao walipima majivu ya tabaka la kwanza fuwele moja baada ya nyingine, ili punje kongwe zilizochanganyika na majivu zijulikane na kuwekwa kando. Ramani ya pwani iliyochorwa upya kwa vyombo bora husogeza ukingo wa kisiwa, haikifuti kisiwa.

Lipo pingamizi moja ambalo nalikubali lote: majivu yanapimwa, mfupa haupimwi. Olduvai yenyewe ilitoa funzo hilo mapema. Mwaka 1913 Reck alipata mifupa ya mtu katika tabaka la pili akaamini kwamba mtu huyo alikuwa na umri wa tabaka. Ubishi uliendelea miaka 20. Leakey naye alikubaliana na Reck, hadi uchunguzi wa udongo ulioishika mifupa ulipoonyesha chembe nyekundu za tabaka la tatu. Udongo wa juu hauwezi kujipenyeza chini wenyewe. Mtu yule alikuwa amezikwa, kaburi lake likachimbwa kuingia tabaka la kale. Hata saa iliyo sahihi kabisa ingetoa jibu la uongo pale. Ndiyo maana Laetoli, kilomita kama 45 kusini, pana thamani ya pekee. Nyayo za wale waliotembea wima, zilizofukuliwa mwaka 1978 na 1979 na kikosi cha Mary Leakey, zimo ndani ya majivu yenyewe. Hazikuzikwa humo baadaye; zilikanyagwa yakiwa mabichi. Umri wa majivu, miaka milioni 3.66, ni umri wa hatua.

Wapo watakaosema kwamba hapakuwa na mtu wa kushuhudia, na wengine watahofu kwamba kukubali mamilioni hayo ni kumkana Muumba. Nchi hii husali, na hofu hiyo sipendi kuidharau. Nasema tu kwamba swali la nani aliyeiwasha milima ile halijibiwi na chombo cha kupimia agoni, na swali la lini majivu yalianguka halijibiwi na msikiti wala kanisa. Kuhusu shahidi, mahakama zetu huhukumu kila siku kwa alama zilizoachwa mahali ambapo hapakuwa na jicho, na hutaka alama hizo ziwe zaidi ya moja na zisizotegemeana. Olduvai ina agoni, makovu ya urani, sumaku na mizunguko ya Dunia.

Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2017 pale ukingoni ni mazuri, na waongozaji wake huijua mifupa na zana kwa undani unaostahili heshima. Mabasi ya shule huwaleta wanafunzi wenye masweta na madaftari, nao huandika: Zinjanthropus, 1959, Mary Leakey, milioni kadhaa. Wengi wao watakutana na unururifu katika fizikia ya kidato cha nne, wakichora mkunjo wa nusumaisha kwa atomi zisizo na mahali wala historia, na somo la historia litakuwa limeshapita likiwa na tarakimu zisizo na fizikia. Masomo hayo mawili yangekutana korongoni kwa saa moja tu ya kufundisha. Mwalimu angewapa tarakimu mbili za mwaka 1961, milioni 1.75 juu na milioni 1.3 chini, akawaacha wabishane ipi imekosea na ni ushahidi gani ungeamua. Kisha angewaonyesha ukuta wenyewe. Shuka za majivu zilizo ndani ya tabaka la kwanza zina herufi kufuata mpangilio wake, IB ikiwa chini na IF ikiwa juu. Fuvu la Zinjanthropus lilitoka mara tu juu ya IB. Kama saa ya agoni inasema kweli, IF lazima itoe umri mdogo kuliko IB, na tofauti isiwe kubwa. Mara zote zilipopimwa fuwele kwa fuwele, mwaka 1991 na baadaye, IF imetoka changa kuliko IB kwa miaka kama 50,000.